Pigo la Kugeuka

Wiki iliyopita, kwenye tramu ya kunirudisha nyumbani Schaerbeek, alipanda kijana mmoja mwenye koti lililokuwa jeupe zamani, pengine kabla yeye hajazaliwa. Kichwani alivaa kofia yenye ukingo mrefu, mapajani kapakata tromboni, na harufu aliyopanda nayo iliwafanya abiria wakumbuke ghafla kwamba kuna viti vizuri zaidi kule mbele. Ilikuwa harufu ya bia iliyokauka, mvua, mafuta ya vibanzi, na juu ya yote hayo dawa ya kung'arishia shaba, ile inayowasha puani. Mama mmoja kando yangu alijiziba pua kwa skafu. Mimi niliinuka, nikaenda kukaa mkabala na yule kijana, nikavuta pumzi kwa raha zangu, mtu mzima mwenye akili timamu na kitambulisho cha kazini shingoni. Nilikuwa namnusa baba yangu.

Msije mkadhani Baba alikuwa mchafu. Alikuwa fundi wa lifti aliyeswali swala tano na kwenda kazini na shati lililopigwa pasi hata kama siku nzima angeshinda ndani ya shimo la lifti. Uchafu wake ulikuwa mmoja tu, nao alipewa na chuo kikuu. Alikuja Brussels kutoka Tanga kusoma uhandisi, na katika majira yake ya kwanza ya baridi, alipokuwa hana mtu wa kuzungumza naye ila mhudumu wa maktaba, alisikia matarumbeta nyuma ya jengo la mihadhara. Akayafuata. Ilikuwa bendi ya wanafunzi inayopiga huku ikitembea barabarani, watu sabini hivi, na siku hiyo hawakuwa na mtu wa kubeba ngoma kubwa. Baba aliibeba, na hakuitua tena mpaka uzeeni, maana kwenye bendi ile ukishaingia umeingia, hata ukihitimu wanaendelea kukuita siku za maandamano makubwa.

Bendi ina mila zake, na mila ya kwanza ni kwamba koti halioshwi. Unalivaa siku unayopokelewa, wanakumwagia bia, na tangu hapo kila mvua, kila mchuzi na kila tone la mafuta ya tarumbeta ni kumbukumbu yako. Baba hakunywa pombe, kwa hiyo siku yake walimmwagia maji ya ndimu, jambo aliloliona kuwa heshima kubwa. Lakini koti hilo lilisimama miaka na miaka katikati ya makoti mengine, na bia ya jirani haiulizi dini. Mama yangu, mzaliwa wa Bujumbura, alilitazama mara moja tu walipooana, akatoa hukumu.

"Mume wangu, hiyo kitu haitaingia mu nyumba. Tunaswalia humu. Bon, uchague: koti ao mimi."

Baba alichagua ghala la chini, kule tunakoweka baiskeli. Koti likatundikwa kwenye msumari ndani ya mfuko wa plastiki, na mimi nikitumwa kuchukua viazi nilikuwa nafungua mfuko kidogo, nanusa, nafunga. Mama aliapa kwamba siku Baba atakapoacha bendi ataliosha kwa maji ya moto mara saba.

Kitu cha pili cha bendi kilichokuwa kwetu kiliruhusiwa kuishi juu, sebuleni, kwa kuwa hakikunuka. Ilikuwa CD. Bendi iliirekodi katika ukumbi wa chuo mwaka mmoja kabla sijazaliwa, na kwenye karatasi ya jalada majina ya wapigaji yameandikwa kwa herufi ndogo mno: safu nzima ya wenye tarumbeta, safu nzima ya wenye saksafoni, na chini kabisa, mbele ya neno ngoma kubwa, jina moja peke yake, la Baba. Nilijifunza kusoma kwa jina lile. Wenzangu walijivunia baba zao wenye magari. Wangu alikuwa ndani ya CD.

Jumamosi asubuhi Baba alikuwa anapiga pasi mashati yake matano ya wiki huku CD ikicheza. Nyimbo zilikuwa kumi na mbili, na mashati matano yalikwisha sawasawa na wimbo wa kumi na mbili, ambao ndio bendi hufungia maandamano yake. Aliniambia CD haisomwi kama santuri. Wimbo wa kwanza upo ndani karibu na tundu, na wa mwisho upo nje, ukingoni. Alipenda kueleza vitu namna hiyo, na mimi nilipenda kueleza tena kwa watoto wa shule kana kwamba nimevumbua mwenyewe. Kila Jumamosi, wimbo wa kumi na mbili ulipokuwa umebakiza kidogo tu, Baba alisimamisha pasi, akaenda kwenye redio, akazima. Kisha akarudi kwenye shati lake la mwisho. Nilipomuuliza kwa nini, alisema mashati yamekwisha. Nikatazama, nikaona la tano bado lina mikunjo mgongoni.

Mtoto akinyimwa kitu kidogo hicho ndicho atakachokitafuta. Siku moja Mama akiwa zamu kwenye nyumba ya wazee anakofanya kazi, na Baba akiwa ameteremka kumsaidia jirani, niliweka wimbo wa kumi na mbili nikausikiliza mpaka mwisho. Matarumbeta yalipanda, yakapanda, halafu yote yakanyamaza kwa pamoja. Kimya. Na katikati ya kimya kile, peke yake, ngoma kubwa: duu. Mtu mmoja kule nyuma akacheka. Kisha bendi ikaingia tena, ikamalizia.

Nilizima haraka. Nilikuwa na miaka tisa na nilijua sana maana ya kile nilichosikia, kwa sababu kilikuwa kimenipata. Katika tamasha la shule, mwalimu wa muziki aliposhusha mkono na watoto wote wakanyamaza, mimi nilipiga kofi moja zaidi. Ukumbi mzima ulicheka, na kwa wiki mbili darasani walinipigia kofi moja kila nilipopita. Sasa nikaelewa kwa nini Baba anazima. Baba yangu, jina peke yake chini ya ukurasa, alikosea mbele ya watu wote, wakamcheka, na kicheko chenyewe kikarekodiwa. Nilimwonea huruma hata nikashindwa kula, na nikaamua siri hiyo itakufa na mimi.

Ingekufa kweli, kama si simu ya tonton, yaani mjomba, Guido. Huyu alikuwa mpigaji wa tuba, lile tarumbeta kubwa lenye sauti nzito, Mbelgiji mnene wa Evere mwenye masharubu meupe, rafiki wa Baba tangu siku ya ngoma ya kwanza, na ndiye aliyekuwa anatunza rekodi za bendi. Alisema chumba chao cha chini kimeingia maji na rekodi nyingi zimeharibika. Wanataka kukusanya zilizobaki na kuzihifadhi kwenye kompyuta, na ile ya mwaka wa Baba hawaipati popote. Zilitengenezwa chache na wenyewe wamezipoteza. Je, Baba anayo? Baba alicheka kwa furaha, akasema anayo na haina hata mkwaruzo. Basi ailete, akasema Guido, siku ya mkutano wa wanabendi wa zamani. Wataicheza ukumbini, watu wote wasikie.

Watu wote wasikie. Nililala na maneno hayo siku nne. Nilimwona Baba amesimama ukumbini na koti lake, nikasikia ile duu ikitoka kwenye spika kubwa, na safari hii si mtu mmoja anayecheka. Kumwomba asiende sikuweza, maana ningelazimika kusema ninachojua. Siku ya tano nilichukua waya wa kusugulia sufuria jikoni, nikaketi sakafuni na CD mapajani. Niliusugua ukingo wa nje tu, kwa uangalifu, nikizunguka, kwa sababu nyimbo kumi na moja sikuwa na ugomvi nazo. Kisha nikairudisha kwenye jalada lake nikiwa na amani kamili moyoni, mtoto aliyemwokoa baba yake.

Jumamosi ya mkutano tulikwenda wote watatu, hata Mama, ambaye alitembea hatua kumi mbele ya lile koti njia nzima na ukumbini akachagua kiti kilicho karibu na dirisha. Ukumbi ulijaa makoti. Vijana na wazee, wengine wamenenepa hata vifungo havifiki, na harufu niliyozoea kuinusa kidogo kidogo sasa ilinizunguka pande zote. Watu walimkumbatia Baba, wakamwita kwa jina lake, wakampisha mbele. Guido akaweka CD na kuonjesha vipande vya nyimbo. Kila kimoja kilipigiwa makofi, na Baba alikaa wima, mikono magotini, akitabasamu kama bwana harusi.

Wimbo wa kumi na mbili ulianza vizuri. Ulipokaribia mwisho ukaanza kukwama, ukaruka, ukarudia sauti moja kama kuku anayedonoa, halafu ukanyamaza kabisa. Ukumbi mzima ukasema aah. Guido alitoa CD, akaielekeza kwenye taa, akatazama ukingo wake kwa muda mrefu, kisha akamtazama Baba. Nilitazamia kumwona Baba akipumua kwa nafuu. Badala yake niliona uso wake ukizimika, uso ambao sikuwahi kuuona umezimika hata siku lifti ilipomponda kidole. Akasimama na kusema kwa Kifaransa, kwa sauti ya kusikika na watu wote, kwamba kosa ni lake, hakuitunza ipasavyo, anaomba radhi.

Hapo ndipo nilipojua kwamba nimefanya jambo ambalo sikulielewa. Maji yakimwagika hayazoleki.

Mwongoza bendi wa mwaka ule alikuwa msichana mwembamba wa udaktari, mdogo kuliko koti alilolivaa. Aliinuka akasema, kwa utulivu tu, kwamba wimbo upo, haujapotea, na akawaonyesha wapigaji wake kwa mkono. Wakasimama. Kijana aliyekuwa na ngoma kubwa akaivua begani na kumvisha Baba bila kuambiwa na mtu. Mila yao nyingine ni kwamba wimbo ule haujaandikwa popote kwenye karatasi. Unafundishwa kwa sikio, wakongwe kwa wapya. Wakauanza wakiutazama ukuta wa mbele, safu kwa safu. Matarumbeta yalipanda, yakapanda, yakanyamaza. Nilifumba macho na kuziba masikio, nikingoja kicheko.

Hata kwa masikio yaliyozibwa niliisikia ile duu ikinipita kifuani. Baada yake haikuja sauti ya kucheka. Ilikuja sauti ya viatu, sauti moja tu. Nilipofumbua macho, watu sabini walikuwa wamegeuka kwa pamoja, waliokuwa nyuma sasa wako mbele, na bendi nzima inapiga ikielekea mlangoni na kutoka barabarani, wazee na vijana, na Baba katikati yao ameinua kidevu.

Tuliwafuata nje. Guido, ambaye alikuwa ameacha tuba kwa sababu ya ugonjwa wa moyo, alitembea nami kando ya njia, nami nikamuuliza kwa nini hawakucheka. Alisimama kunitazama. Akanieleza kwamba siku ya kurekodi Baba aliongeza pigo ambalo halikuwapo kwenye wimbo, mkono ulimponyoka, na yeye Guido ndiye aliyecheka, kwa sababu hajawahi kumwona mpiga ngoma aliyeshtushwa na ngoma yake mwenyewe. Walitaka kurudia, muda wa ukumbi ukawa umekwisha. Mwezi uliofuata, kwenye maandamano, bendi iliingia kwa makosa kwenye kichochoro kisicho na njia kule Saint-Josse, watu sabini na matarumbeta yao, magari yamewabana, mwongozaji hajui la kufanya. Baba akapiga pigo lile lile na kuwapigia kelele wageuke. Wakageuka. Tangu siku hiyo, akasema Guido, bendi hii haijui kugeuka namna nyingine, na kila mwanafunzi anayeingia hufunzwa pigo hilo kabla ya kufunzwa noti.

Niliona fahari kubwa, na aibu kubwa sawa nayo.

Kwenye basi la kurudi Mama alikaa mbele, mbali na koti. Mimi nilikaa ubavuni mwa koti.

"Baba," nikasema, "CD nimeikwaruza mimi."

"Najua, mwanangu. Mikwaruzo ya waya wa sufuria naijua."

"Tangu pale ukumbini?"

"Tangu pale." Alitazama dirishani. "Sijajua kwa nini tu."

Nikamwambia yote: kuzima redio, kicheko, kofi langu la shuleni, na kwamba sikutaka watu wasikie alivyokosea. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akavua ile kofia yake ya ukingo mrefu, akaishika mkononi.

"Mimi nilidhani umenionea haya," akasema. "Nilidhani ngoma yangu inakutia aibu."

Nililia pale pale, na nililia nikiwa nimeuzika uso kwenye lile koti, na Mama aliyegeuka kuona alikunja uso, lakini hakunikataza. Baba akanieleza kilichobaki. Babu alipiga ngoma kubwa kwenye beni ya mtaani kwao Tanga, bendi ya matarumbeta inayosindikiza maharusi. Safari ilipofika mwisho wa mtaa, matarumbeta hunyamaza, Babu hupiga pigo moja, na msafara wote hugeuka kurudi kwa bibi harusi. Baba alikua akiubeba mkwiro wa kupigia ngoma ile. Siku ya kurekodi wimbo uliponyamaza, mkono wake ulidhani umefika mwisho wa mtaa. Aliona haya, lakini akanakili wimbo kwenye kanda akampelekea mzee. Ami, nduguye Baba, akamwandikia kwamba mzee aliusikiliza amesimama, na pigo lilipolia aliwageukia majirani akawaambia: Kijana wangu amewageuza Wazungu. Mwezi huo huo mzee akafariki. Baba alikuwa bado anangoja vibali vyake vya ukaazi, angetoka asingeruhusiwa kurudi, na hakumzika baba yake.

"Ndiyo maana nazima," akasema. "Nikilisikia nimekaa, namwona mzee amesimama."

Jumamosi iliyofuata alitoa meza ya pasi kama kawaida. Nilijibanza mlangoni, nikijua CD itafika ukingoni na nitakumbushwa nilichofanya. Shati la tano lilikuwa bado. Wimbo ukapanda, ukaanza kudonoa, na Baba akabonyeza kitufe, lakini safari hii hakurudi kwenye shati. Alisimama wima katikati ya sebule, akanionyesha kwa kidole nami nisimame, akapiga meza kwa kiganja. Duu. Tukageuka, yeye kuelekea dirishani na mimi nyuma yake, tukamalizia wimbo kwa midomo. Mama akatoka jikoni kuuliza kama tumepata wazimu. Ikawa ndiyo mila ya nyumba yetu kwa miaka yote iliyobaki, na ninakiri sijawahi kuijutia tena CD ile.

Baba alipotutoka, bendi ilikuja kusimama barabarani mbele ya nyumba yetu, bila kupiga, wamevaa makoti yao tu, kwa heshima ya msiba wa Kiislamu. Kina mama wa msikitini walikuja baadaye kumsaidia Mama kufua nguo za marehemu ili zigawiwe. Mmoja wao alipanda kutoka ghalani ameshika mfuko wa plastiki kwa ncha za vidole, akauliza hili nalo waliloweke peke yake. Nilimtazama Mama. Alikuwa amelisubiri koti lile miaka zaidi ya thelathini.

"Hiyo hapana," akasema. "Hiyo haioshwagi."

Sasa turudi kwa kijana wa kwenye tramu. Nilimuuliza lile pigo kabla ya kugeuka, amefundishwa na nani. Uso ukamchangamka. Akasema ndilo la kwanza walilomfundisha, wanaliita Tanga, na hakuna anayejua kwa nini. Ni jina la zamani, labda la mmoja wa waanzilishi. Nikamwambia ni jina zuri. Kituo changu kikafika nikashuka, nikatembea mpaka nyumbani nikicheka peke yangu njiani kama mwehu.

Nilipomsimulia, Mama hakucheka. Aliniacha nimalize, akaweka kikombe chini.

"Donc, huyo mutoto haukumwambia jina ya baba yako?"

Nilijitetea kwamba tramu ilikuwa inafunga milango. Alinitazama kama anavyonitazama tangu nikiwa na waya wa sufuria mkononi, kisha akajikokota na magoti yake mabovu hadi kwenye redio, akatia CD, akaenda moja kwa moja kwenye wimbo wa kumi na mbili. Tuliusikiliza pamoja. Ulipoanza kudonoa akauzima.

"Simama, Zuhura," akasema.

Nikasimama. Mama akapiga meza kwa kiganja, mara moja, kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, na tukageuka.